Chupa ya Maua Mekundu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. Naomba barua hii ikukute mzima wa mwili na roho, na kile kikohozi kilichokushika wakati wa baridi kiwe kimekuachia. Ulivaa soksi mbili kama nilivyokuambia? Najua hukuvaa. Sisi huku hatujambo, kwa maana tunaamka, tunakula na tunagombana. Mimi bado niko duka la vifaa vya ujenzi, napima misumari na kukata waya, na tajiri bado ananiita Mizani tangu alipokusikia ukiniita hivyo siku uliyokuja kuniaga kazini. Jina limeniganda. Hata wateja wakifika wanasema, "Mwiteni Mizani, huyo hapunji."

Barua yako niliipata tarehe 2 Mei. Niliisomea stoo, nyuma ya magunia ya saruji, kama ulivyoagiza. Yale ya kazi yako kusimamishwa, na ya chumba mnacholala kwa zamu, sijamwambia mtu. Hata mdogo wetu hajui. Nakuandikia kwa karatasi, badala ya kungoja simu yako ya Jumapili, kwa sababu simu ile Mama huiweka sauti kubwa na kuishika dirishani. Mtaa mzima unajua umekula nini huko. Haya ya leo hayafai kusemewa dirishani.

Nitayapanga kwa utaratibu. Shajara yangu iko hapa mezani. Nisipofuata tarehe nitaanza na kilio, nawe hutaelewa kitu.

Kwanza habari za Maswali. Ndiyo, mdogo wetu siku hizi ndilo jina lake, kuanzia kwa muuza mkate hadi kwa kinyozi, maana hawezi kununua mkate bila kuuliza ngano imetoka wapi na nani kaibeba. Bado ni mhadhiri wa muda. Chuo kinamlipa kwa saa anazosimama mbele ya wanafunzi. Zile za kusahihisha, za kuandaa somo na za kukuna kichwa ni sadaka yake. Hana ofisi. Ofisi yake ni ule mkoba wa kahawia wa Baba, na mwanafunzi anayemtaka huambiwa akae kwenye ngazi za mlango wa nyuma amsubiri apite. Chumba cha walimu kina vikombe vilivyoandikwa majina. Yeye hana chake. Ananywea cha mwalimu mmoja aliyefariki, na anasema kila akikishika anajiona kama yuko kwenye foleni.

Mwezi wa tatu wahadhiri wa kudumu waligoma kudai nyongeza. Maswali akachanganyikiwa. Asiyeajiriwa hawezi kugoma, lakini akiingia darasani ataitwa msaliti. Basi akakaa nyumbani mpaka mgomo ukaisha, bila malipo, kwa ajili ya nyongeza isiyomhusu. Wenzake walipoipata walimshukuru kwa mshikamano. Walimpigia makofi kwenye mkutano, Kaka. Nilimuuliza yale makofi tuyapike na nini.

Unamjua alivyo, hakasiriki, anageuza kila kitu kuwa somo. Jumamosi akifua mashati yake mimi ndiye darasa. Siku moja redio ikasema uchumi wetu umekua. Akainua mikono imejaa povu. "Umekua kama mtoto wa jirani aliyepelekwa bweni. Tunaambiwa tu, jamani, kakua! Nyumbani haji." Siku nyingine akaniambia anafundisha habari za matabaka kwenye ukumbi usiotosha. Waliopanga karibu na chuo hufika mapema wakakaa mbele, na wanaotoka mbali kwa miguu husimama nje na kusikilizia madirishani. "Sihitaji mfano wa kitabuni," akasema. "Nawaambia tu, tazamaneni." Nikamuuliza kama hutazamana. "Hutazama saa," akasema, akakamua shati.

Nakueleza haya ili ujue kwamba hakuna mtu aliyekosa akili katika hadithi hii. Hilo ndilo linalonikata maini.

Sasa nifike penyewe.

Mwaka jana manispaa ilitaka kujua kila mtaa una hali gani, ikaipa kazi hiyo idara ya Maswali. Mitaa ilitakiwa kupangwa kwa ngazi: wasiojiweza, wanaojimudu, na wenye nafuu. Mkuu wa idara akamkabidhi Maswali atunge maswali na kuwafunza wanafunzi kuuliza. Mtaa wetu ulikuwamo. Kwa kanuni zao mtafiti hahoji watu wa kwao, kwa hiyo siku ya kwetu yeye alibaki chuoni. Alichomwambia Mama ni hiki tu: "Wanafunzi wangu watapita kuuliza mawili matatu." Yeye alidhani ametoa taarifa. Mama alisikia kwamba wageni wa mwanawe wanakuja.

Mimi nilikuwa dukani, niliyasikia baadaye. Mama aliwaita majirani tangu alfajiri akawaambia, "Mwalimu wao katoka hapa. Tusimwaibishe mtoto mbele ya wanafunzi wake." Ikatolewa kabatini ile chupa ya chai yenye maua mekundu, ile uliyomnunulia kwa mshahara wako wa kwanza, ambayo sisi wengine tulikuwa tunaisalimia kwa mbali. Ikapikwa chai, sufuria moja, kwetu. Wanafunzi wakiwa bado wanaaga mlango wa mbele, chupa ilishapanda ukuta wa nyuma kwenda kwa Mama Pacha. Kwa Mama Pacha ikatoka kwenda kwa fundi viatu, na kwa fundi viatu ikaenda kwa bibi wa kona. Vile viti vinne vyenye vitambaa vilizunguka njia hiyohiyo. Kila mlango wale vijana walikaribishwa chai, na kila mlango walikunywa kwa adabu, mpaka mmoja wao akaomba choo nyumba tatu zilizofuatana. Na kila walipouliza kama kuna siku nyumba ililala bila chakula, walipewa jibu la Mama, maana nalo lilipita juu ya ukuta pamoja na chupa: "Hatupungukiwi na kitu."

Walifanya hivyo kwa kumpenda, Kaka. Hakuna aliyetaka kudanganya serikali. Ungewauliza wangekuambia wameficha uchakavu wa nyumba kama unavyoficha tundu la soksi mbele ya wakwe.

Tarehe 17 Februari Maswali alikuja na kompyuta ya idara, uso unang'aa kama aliyepata mtoto. Wanafunzi walikuwa wameagizwa kupiga picha ya kitu ambacho kila familia inakithamini. "Mama, njoo uone mtaa wako ulivyo wa ajabu," akasema. Alikuwa ameandika sura nzima ya ripoti juu ya chupa ya maua mekundu. Kila nyumba upande wetu, alisema, imenunua chupa ya namna moja, rangi moja, maua yaleyale, nayo ni dalili ya watu waliokataa kupitana. Aliiita usawa wa hiari. Mkuu wa idara aliipenda sura hiyo kuliko zote, akaweka jina lake mwenyewe juu ya la Maswali.

Mama akavaa miwani akasogea.

"Huyu fundi viatu katoka vizuri," akasema. "Ila nilimwambia asiiweke karibu na gundi."

"Asiweke nini?"

"Chupa yangu."

Maswali akacheka. "Yako ni ile ya mwanzo, Mama. Hii ni ya fundi."

"Fundi ana chupa? Fundi anakunywa bombani kwa kiganja! Tazama kifuniko. Hapo palipobonyea uliiangusha wewe, siku ulipokuwa unarukaruka umefaulu mtihani."

Maswali akazikuza picha moja baada ya nyingine, anatazama kifuniko. Kila picha ilikuwa na lile bonyeo. Mama alikuwa bado anacheka, anaeleza jinsi Mama Pacha alivyokaribia kuiachia ukutani na jinsi bibi wa kona alivyogoma kuirudisha mpaka amalizie chai. Aliona ni kisa kizuri, na kwamba mwenye kisa atakifurahia kuliko wote. "Tulikusitiri, mwanangu," akasema.

Maswali akasema, "Asante, Mama." Akafunga kompyuta.

Ripoti ilikuwa imeshakabidhiwa wiki nyingi kabla ya siku hiyo.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia haya na siyachukulii kuwa kichekesho. Ule ambao Mama kwenye simu anauita mkwaruzo wa mguu si mkwaruzo. Ni kidonda, mguu wa kushoto, juu ya kisigino, kimetokana na sukari, na kina umri wa karibu mwaka mzima. Zahanati ya mwisho wa barabara ilikuwa inamsafishia bure, kama wazee wote wa mtaa huu. Mwezi wa nne likabandikwa tangazo mlangoni: huduma ya bure kwa wazee itabaki kwa mitaa ya wasiojiweza. Mtaa wetu umeonekana unajimudu.

Tarehe 3 Mei tulikwenda kama kawaida. Muuguzi, yule mnene mwenye sauti ya chini, aliinama akautazama mguu, kisha akatazama kompyuta. "Dada yangu," akaniambia, "mikono ninayo na dawa iko kabatini. Lakini hii mashine inasema mama yako ana uwezo." Alinichomekea bandeji mbili kwenye mkoba akanionyesha namna ya kusafisha. Tangu siku hiyo nasafisha mimi nikitoka kazini: maji ya chumvi yaliyochemka na kupoa, kitambaa safi, kutoka ndani kwenda nje, sirudii kitambaa kilekile. Sikosei hata hatua moja. Hakifungi. Tarehe 28 Mei nimeandika kwamba harufu imebadilika. Mimi na Maswali tuliunganisha tulichokuwa nacho tukampeleka hospitali kubwa mara moja. Daktari akasema arudi kila wiki mpaka kipone, na kwamba kikifika mfupani watakata mguu. Mara ya pili hatukuweza kumpeleka. Neno hilo la kukata nimelisema mara moja, sitalirudia.

Maswali hakukaa kimya. Alikwenda kwa mkuu wa idara akamweleza chupa, viti, chai, kila kitu. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kijana, maji yakimwagika hayazoleki."

"Si maji, Mwalimu. Ni mguu wa mama yangu."

"Nakuelewa. Nami nina wanafunzi ambao shahada zao zimesimama juu ya ripoti hiyo. Nikisema ni ya uongo nao niwaambie nini?" Kisha akamkumbusha kwamba mwakani huenda ikatangazwa nafasi moja ya kudumu, na kwamba mtu asiye na haraka hufika.

Nilitaka Maswali amtukane walau kwangu, nisikie raha. Hakufanya hivyo. Anasema si mtu mbaya, ana mkopo wa nyumba na moyo wake una kasoro. "Hilo ndilo linalonichosha, Dada," akaniambia. "Kila mlango ninaobisha anafungua mtu mwema. Ningekutana na mkorofi mmoja tu ningejua pa kuanzia." Nimelifikiria sana neno hili nikipima misumari. Na mimi kwa wateja wangu ni mtu mwema. Bei haipangwi na mimi.

Aliiandikia manispaa kwa jina lake mwenyewe, bila kumwambia mkuu. Wakajibu kwa heshima kwamba watatuma wakaguzi kwenye nyumba chache, na malalamiko yatapokelewa mpaka mwisho wa Juni. Tukafurahi. Tulikuwa wajinga, lakini tulifurahi.

Kazi ikawa kumwandaa Mama. Tulimweleza pole pole, kama unavyomlisha mgonjwa: chupa isitoke kabatini, viti visitoke kwa wenyewe, na akiulizwa aseme kweli. Fundi viatu alikuwa upande wetu. "Mimi nitasema," alituambia. "Njaa na mimi tumezoeana, sina haya naye." Lakini Mama aliweka kikombe chini.

"Niseme nini?"

"Kwamba huna uwezo wa kulipia dawa, Mama."

"Na wakiuliza watoto?"

Hapo ndipo penye fundo, Kaka. Maswali aliyatunga yale maswali mwenyewe, anajua uzito wa kila moja. Mzee mwenye mtoto nje anayemtunza hawekwi ngazi ya chini, hata nyumba yake iwe haina paa. Hao wakaguzi hawaitazami chupa peke yake. Wanakutazama wewe.

"Wakiuliza watoto," Maswali akasema, "sema wapo, ila hawawezi."

Mama akatutazama mmoja mmoja. "Nimezaa watatu. Nimesomesha watatu. Leo nikaseme mbele ya karani kwamba sina mtoto? Mkubwa wangu yuko nje anahangaika kwa ajili yangu, nami nikamchafue jina huku hayupo wa kujitetea?"

Maswali alinyamaza kwa sababu hajui lolote. Mimi nilinyamaza kwa sababu najua. Umenifunga mdomo, Kaka, nami nilikubali kufungwa, sikulaumu. Nakueleza tu lilivyo zito.

Wakaguzi walikuja Jumanne, tarehe 4. Niliomba ruhusa dukani. Chupa nilikuwa nimeificha chini ya kitanda changu, nyuma ya sanduku la viatu. Maswali kwa zile kanuni zao hakuruhusiwa kuwapo, basi akakaa uani, ubavuni mwa ukuta wa kwa Mama Pacha. Nyumba walizochagua zilikuwa mbili, yetu na ya Mama Pacha. Ya fundi viatu haikuchaguliwa. Alikuwa amenyoa ndevu, maskini, akasimama mlangoni kwake na sauti yake yote, asiulizwe.

Nilitoka kuwapokea. Niliporudi nao ndani chupa ilikuwa mezani. Sijui Mama aliinamaje na mguu ule. Alikuwa ameushusha kutoka kwenye kigoda, ameufunika kwa kitambaa cha kiti, kile chenye kamba za pembeni, ametabasamu.

"Karibuni, nyumba ni yenu. Chai kwanza."

"Tumeshakunywa, Mama," akasema mkaguzi mwanamume.

"Mmekunywa kwa nani? Kwangu bado hamjanywa."

Wakanywa. Aliuliza mwanamume, na msichana mmoja akaandika kwenye kibao. Chakula? Kipo. Maji? Yapo. Maradhi? Ya uzee tu. "Nani anakutunza, Mama?"

"Mwanangu mkubwa, yuko nje. Hiyo chupa mnayoiona ni yeye."

"Analeta kila mwezi?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitupia lile jicho. Wewe unalijua, lililokuwa linakurudisha kutoka uwanjani kabla hajaita jina. Nikaufunga.

"Analeta kabla sijaomba," akasema. "Hatupungukiwi na kitu."

Yule msichana aliacha kuandika. Nina hakika pua yake ilishafika mguuni. Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi. "Mguu unakusumbua, Mama?"

"Mwanangu, wa kwako hausumbui? Subiri tu!" Wakacheka wote. Akarudi kwenye kibao chake. Nadhani alijua. Lakini hakuwa na mahali pa kuandika harufu.

Hawajafika hata barabarani, ikasikika sauti ya Mama Pacha kutoka upande wa pili wa ukuta, tamu kama ya mwimbaji: "Mama weee! Ile chupa yangu niliyokuachia asubuhi, naiomba! Nina wageni wanaingia!"

Mama akajaribu kusimama. Mguu ukakataa. Akanitazama, mimi sikujongea. Basi akaita dirishani: "Maswali! Mpelekee mwenzangu chupa yake."

Alikuja mpaka mlangoni akasimama. Aliitazama chupa, akamtazama Mama, na kule kwa Mama Pacha tulisikia viti vikisogezwa na mtu akisema karibuni, karibuni. Mama Pacha ni mjane, anaosha vyombo hotelini, na hana hata birika lenye mkono. Nilijua Maswali anafikiria nini kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiria hilohilo: akikataa, ripoti inakuwa ya kweli kwa nyumba moja, na mwanamke yule atasimama mbele ya wageni mikono mitupu, ameshaitangaza chupa.

Akaichukua kwa mikono miwili. Akaipitisha juu ya ukuta.

Baadaye nilimkuta amekaa kwenye jiwe la kufulia. Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini.

"Angefedheheka, Dada. Wageni walishakaa."

Wiki hii hapakuwa na darasa. Mashati yake ya Jumamosi nimeyafua mimi.

Ratiba ya muhula ujao haijabandikwa, lakini rafiki yake mmoja wa idara amemnong'oneza asiisubiri. Barua yake kwa manispaa ilishamfikia mkuu. Mzee hakumgombeza, alimuuliza tu habari za Mama, akamwambia ampe pole.

Sasa ombi langu. Sikuombi kutuma kitu, najua ulivyo. Nakuomba neno. Mama hatamwambia mtu yeyote kwamba huna mpaka asikie kutoka kwako kwamba huna. Mimi nikimwambia atasema nakuonea wivu, kama alivyosema zamani. Mpigie siku isiyo Jumapili, asubuhi kabla sijaenda kazini. Nitaishika simu mwenyewe, mbali na dirisha. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, hata nusu yake. Mwambie kwamba akisema kweli hatakuwa amekuchafua. Muuguzi ameahidi kwamba Mama akikubali atampeleka yeye mwenyewe manispaa kutoa maelezo.

Sijui kama itasaidia. Huenda akasikiliza yote, akakupa pole, na kesho yake akawaambia majirani umemjengea nyumba. Na barua yako ilichukua wiki tatu kunifikia. Nilianza kuhesabu hii yangu itafika lini, nikaacha. Naiandika hata hivyo. Nimeshafanya kila kingine ninachokijua, na mguu wenyewe nitausafisha tena leo jioni.

Usijilaumu. Nimeipima hii habari kwa namna zote, kama kazi yangu ilivyo, na sijampata wa kumwekea uzito. Ila wewe ndiye uliyebaki na neno.

Salamu zako zimewafikia wote. Bibi wa kona anakusalimu, anauliza kama huko kuna jua. Fundi viatu anasema ukirudi usinunue viatu njiani. Mama Pacha anakusalimu sana, na pacha wake wamekuwa warefu kuliko mlango. Maswali anakusalimu, anasema atakuandikia akipata la kusema. Nasi tunakuombea upate kazi njema na chumba chako peke yako, Mungu akufunike kwa blanketi ambalo sisi hatuwezi kukutumia.

Nilipofika hapa Mama ameingia, anajishikilia ukutani. Ameuliza namwandikia nani. Nikamwambia. Amekaa, amepumua, ameniamuru niandike maneno yake kama yalivyo, nisipunguze wala nisiongeze. Nayaandika:

"Mwanangu, usihangaike na sisi. Kula ushibe, vaa nguo nzito. Chupa yako bado inatunza moto, asubuhi mpaka jioni. Mimi sijambo. Hatupungukiwi na kitu."

Wako akupendaye, anayeingoja simu yako mbali na dirisha,

Mdogo wako,
Mizani.